Amekiri, Umesamehe, na Bado Una Shaka



Kuna jambo moja katika maisha ya ndoa ambalo watu husita kulipeleka kwa padre, kwa wasimamizi wao wa arusi, hata kwa mama mzazi. Si jambo la mume aliyehama nyumba, wala la mke aliyefumaniwa. Hayo yana kelele zake, na mtaa mzima huyajua kabla ya jua kutua. Hili ninalotaka tulizungumze leo ni dogo na la kimya. Mwenzi wako alikosa kidogo, kisha akaja mwenyewe akakuambia. Ulilia, ukakasirika, na mwishowe ukasema umesamehe. Lakini miezi imepita na moyo wako haujatulia. Je, una haki ya kumshuku mtu aliyekuambia ukweli kwa hiari yake?

Tuchukue mfano, maana mambo ya moyo hayaeleweki yakizungumzwa hewani. Mume na mke wanakaa Umoja, ghorofa ya tatu, pamoja na watoto wao wawili. Mume ni karani katika kiwanda huko Industrial Area. Mke anauza nguo za watoto sokoni Gikomba. Kazini mume alizoeana na mwanamke mmoja. Wakaanza kula chakula cha mchana pamoja, kisha kutumiana ujumbe wa simu usiku, maneno ambayo asingependa mkewe ayasome. Jioni moja, wakingojea matatu, wakabusiana. Usiku ule mume hakulala. Akaukata urafiki ule, na baada ya juma moja, watoto wakiwa wamelala, akamweleza mkewe yote.

Mtu huyu hakuzini. Hata hivyo tusimpunguzie mzigo wake kupita kiasi. Bwana wetu, katika mahubiri yake ya mlimani, alifundisha kwamba zinaa huanzia moyoni kabla ya kufika mwilini. Na kuna vitu ambavyo mume huyu alivitoa nje ya nyumba ingawa vilikuwa mali ya nyumba: mazungumzo yake ya usiku, mzaha wake, na siri zake. Tukisema kosa lilikuwa dogo, tunapima tendo. Hatupimi jeraha.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Mume akichelewa kwa sababu ya msongamano wa magari katika Barabara ya Jogoo, mke hupiga simu na kusikiliza kama kweli kuna sauti ya makanga. Mume akiingia bafuni, mke huchukua simu yake. Siku moja aliona shilingi 300 zimetumwa kwa jina la mwanamke. Akauliza, akaambiwa ni mama mboga wa pale stegini. Kesho yake akaenda mwenyewe, akamwona mama mboga, akasikia jina ni lile lile. Alitulia siku mbili. Siku ya tatu akaanza kujiuliza: mbona ni kwa mama huyo huyo kila mara?

Msomaji, ikumbuke hiyo siku ya tatu. Tutairudia.

Shaka haikutoka hewani

Kwanza ni lazima tumtendee haki mke huyu. Wapo watakaomwambia, "Ameshakiri, unataka nini tena?" Maneno hayo ni mepesi mdomoni mwa mtu ambaye hakuumizwa. Mke huyu hakuzaliwa na wivu. Alikuwa analala usingizi wake vizuri wakati mumewe akituma ujumbe gizani kitandani. Alidanganywa akiwa hana habari, na sasa hajui tena utulivu wa nyumba unamaanisha nini. Zamani kimya cha mumewe kilikuwa kimya cha mtu aliyechoka na kazi. Leo kimya kile kile kinaweza kuwa jambo lingine.

Na mitaa yetu ya Eastlands ina historia yake katika jambo hili. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini awe mfanyakazi tu, mwanamume asiye na familia. Nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa vyumba vya kulala wanaume, na mke alibaki mashambani akilima na kungoja. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyopangwa kwa ajili ya familia. Buruburu ulianza kujengwa katika miaka ya 1970. Kwa hiyo mazoea ya mume kuwa na maisha ya mjini ambayo mke hayaoni hayakuanza jana. Wapo wanawake wengi leo ambao bibi zao na mama zao waliishi hivyo, nao wakarithi onyo hilo pamoja na maziwa ya mama.

Tena tunaishi kwa kubanana. Ukuta wa ghorofa hausitiri neno. Jirani aliyesikia ukilia usiku ule atakuja asubuhi na methali: dalili ya mvua ni mawingu. Mwingine atasema kikulacho ki nguoni mwako. Shaka hupenda sana methali, kwa kuwa methali haiulizwi ushahidi.

Na vyombo vya kupekua vimeongezeka. Zamani mke alipekua mifuko ya suruali. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, simu imekuwa mfuko wenye kumbukumbu ya kila shilingi. Anayetaka kutafuta hatakosa mahali pa kutafuta.

Umejuaje unachokijua?

Baada ya kusema hayo, naomba tufikiri pamoja polepole. Wewe uliyeumizwa, umejuaje kwamba mwenzi wako alikosa? Hukumfumania. Jirani hakukuletea habari. Umejua kwa sababu moja tu: yeye mwenyewe alikuambia. Ushahidi wote ulio nao juu ya uongo wake umeupata kutoka katika ukweli wake.

Hapo ndipo shaka hufanya jambo la ajabu. Humwamini mwenzi anapojishtaki, na kumkataa anapojitetea. Akisema, "Nilimbusu," unasadiki papo hapo. Akisema, "Sikufanya zaidi ya hapo," unataka shahidi. Lakini mdomo ni ule ule na usiku ni ule ule. Kama neno lake lilitosha kukuvunja moyo, kwa nini lisianze kutosha kukuponya, hata kidogo?

Kuna na hatari nyingine. Mtu aliyekiri akiona kwamba kukiri kumemletea kifungo kisicho na mwisho, anajifunza somo baya. Anajifunza kwamba nyumbani mwake ukweli una gharama kubwa kuliko uongo. Kesho akijikwaa katika jambo lolote, hata la pesa, hatakuja tena kitandani kusema yote. Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili katika waraka wake juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, wa mwaka wa 2016. Akieleza maneno ya Mtakatifu Paulo kwamba upendo huamini, alifundisha kwamba anayependa hana haja ya kufuata kila hatua ya mwenzake, na kwamba mtu anayejua anashukiwa daima huelekea kuficha siri zake na udhaifu wake. Ukiweka askari mlangoni ili kuzuia uongo usitoke, mara nyingi utakuwa umeuzuia ukweli usiingie.

Najua utakalojibu, nalo ni jibu zuri. Utasema: "Wapo wanaokiri nusu. Hukiri busu ili kuficha kitanda." Ni kweli, wapo. Sitakuambia uyafumbe macho. Waswahili husema ukimchunguza sana bata hutamla, na methali hiyo imetumiwa mara nyingi kuwanyamazisha wake waliokuwa na haki ya kuuliza. Uliza. Lakini kabla ya kuuliza, jiulize wewe mwenyewe swali moja: ni jibu gani likija litanitosha?

Swali hilo ndilo mizani. Kama unaweza kulitaja jibu, basi shaka yako ni swali la haki, na mwenzi wako ana deni la kulijibu. Kwa mfano: je, bado mnatumiana ujumbe? Je, mlikwenda mahali popote mkiwa wawili tu? Kuna pesa ulimpa? Je, tunahitaji kwenda kupimwa hospitalini? Haya ni maswali yenye majibu. Yaulize wazi, mara moja, mkiwa mmeketi, na uyasikilize majibu mpaka mwisho.

Lakini kama huwezi kulitaja jibu lolote litakalokutosha, basi unalouliza si swali tena. Ni kilio kilichovaa nguo za swali. Huyu ndiye yule mke wa siku ya tatu. Alimwona mama mboga kwa macho yake, akasikia jina kwa masikio yake, na bado hakupona, kwa sababu hakuwa mgonjwa wa kukosa habari. Alikuwa mgonjwa wa huzuni. Na huzuni haitibiwi kwa kupekua simu. Inatibiwa kwa kuambiwa: "Nisikilize tena. Bado inaniuma."

Moyo wa mtu hauonekani

Mtakatifu Agostino, aliyekuwa Askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika kitabu kidogo juu ya kuamini mambo yasiyoonekana. Aliwajibu watu waliosema hawawezi kusadiki kitu wasichokiona. Akawaonyesha kwamba hata wema wa rafiki hauonekani. Unaona uso wake, unasikia maneno yake, unapokea msaada wake, lakini nia yake huioni. Hata hivyo unaisadiki, na bila kusadiki hivyo hakuna urafiki, hakuna ndoa, wala hakuna jamii ya watu.

Fikiria maana yake kwako. Hata kabla ya kosa hili hukuwahi kuuona moyo wa mwenzi wako. Siku ile mliposimama mbele ya altare na kushikana mikono, hukupewa uhakika. Ulipewa ahadi, nawe ukatoa yako. Shaka inakudanganya kwamba zamani ulikuwa na uhakika na sasa umeibiwa, na kwamba ukipekua vya kutosha utaupata tena. Hukuwa nao. Kilichovunjika ni imani, na imani hairudi kwa njia ya upelelezi, kama vile mahindi hayaoti haraka kwa kufukuliwa kila asubuhi.

Hata Waisraeli wa kale walijua kwamba shaka isiyo na mwisho huiua nyumba. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kuna sheria ya wivu. Mume aliyemshuku mkewe bila shahidi alimpeleka kwa kuhani. Kuhani alichukua maji matakatifu katika chombo cha udongo, akatia vumbi la sakafu ya hema, na mwanamke akaapa na kuyanywa. Kwetu leo jambo hilo ni gumu kulisoma, tena lilimpima mke peke yake na kumwacha mume. Lakini angalia lilifanya nini. Lilimwondolea mume mwenye wivu mamlaka ya kuhukumu. Swali liliulizwa siku moja, mbele za Mungu, likapata mwisho. Sisi hatuna maji hayo, wala tusiyatamani. Tunachohitaji ni ule mwisho.

Wajibu wa aliyekiri

Sasa niseme nawe uliyekosa, maana huenda umekuwa ukisoma ukitikisa kichwa kwa furaha. Usifurahi upesi. Kukiri kwako kulikuwa mwanzo wa kazi.

Kwanza, sema yote kwa mara moja. Anayekiri kidogo leo na kidogo mwezi ujao humvunja mwenzake upya kila mara, na huifanya shaka iwe na haki. Lakini kusema yote si kusimulia kila neno na kila mguso. Mwenzi wako anahitaji kujua kilichotokea, kwa muda gani, na kama kimekwisha. Hahitaji picha ambazo atalala nazo miaka kumi.

Pili, usiseme, "Nimeshakiri, yaishe." Msamaha unaweza kutolewa kwa siku moja. Kuaminika tena hakutolewi, hujengwa. Wewe ndiwe fundi, na mwenye nyumba ndiye atakayesema kama ukuta umenyooka. Akiuliza tena jambo ulilolijibu juzi, lijibu tena kwa upole. Hajasahau jibu lako. Anataka kusikia kama sauti yako ni ile ile.

Tatu, toa mwenyewe kabla hujanyang'anywa. Simu iliyowekwa mezani kwa hiari hujenga. Simu iliyonyakuliwa haijengi, hata kama haina kitu ndani. Na kama yule mtu bado mnafanya kazi mahali pamoja, usingoje kuulizwa. Ukifika nyumbani sema: "Mama watoto, leo tulikuwa na mkutano na yule mama alikuwapo. Tulisalimiana, basi." Maneno hayo machache yana uzito kuliko kiapo.

Mambo matatu ya kukumbuka

La kwanza ni usawa. Je, kama aliyekiri angekuwa mke, mtaa ungesemaje? Wengi wanaomwambia mke avumilie wangemwambia mume amrudishe mkewe kwao. Sheria ya Kanisa haina vipimo viwili. Kanuni ya 1135 inasema mume na mke wana haki na wajibu ulio sawa katika maisha yao ya ndoa. Unachotaka usamehewe, samehe. Unachoona ni chepesi kwako, usikifanye kizito kwa mwenzako.

La pili ni kwamba kosa lililosamehewa lisihifadhiwe kabatini kama panga. Sheria za Kanisa za mwaka wa 1983, kanuni ya 1152, zinazungumzia hata uzinzi wenyewe, ambao ni mkubwa kuliko kosa la mfano wetu. Zinamhimiza sana asiye na kosa asikatae kusamehe. Tena zinasema kwamba akijua, kisha akaendelea kuishi na mwenzake kwa hiari katika mapendo ya ndoa, amesamehe kwa vitendo, hata bila kutamka. Na wakiendelea kuishi pamoja hivyo kwa miezi 6 bila yeye kwenda kwa wakubwa wa Kanisa au wa serikali, huchukuliwa kwamba amesamehe, na hawezi tena kutumia jambo lile kama sababu ya kuachana na maisha ya pamoja. Haimaanishi kwamba uchungu lazima uwe umekwisha mwezi wa sita. Maana yake ni kwamba haifai kumweka mtu mezani kwako na gerezani mwako kwa wakati mmoja.

La tatu ni mipaka. Shaka haimpi mtu ruhusa ya kupiga, kufungia mwenzi ndani, wala kumwandama kazini. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu kumwandama mtu na kumtesa kwa maneno kuwa ukatili, sawa na ngumi. Na Kanisa, katika kanuni ya 1153, linamruhusu mtu aondoke pale ambapo mwenzi anahatarisha mwili au roho yake au ya watoto. Vilevile, kama mwenzi wako anakiri jambo lile lile kila mwaka, hilo si kosa dogo tena. Hayo yana mazungumzo yake mengine, na unahitaji msaada.

Na msaada uutafute mahali pa siri. Jumuiya ndogondogo ni familia yetu, lakini si kila jambo ni la kuwekwa mbele ya jumuiya nzima. Wasimamizi wa arusi yenu hawakusimama pale kwa ajili ya picha tu. Waendeeni. Au mwoneni padre mnayemwamini, wote wawili pamoja.

Tukirudi kwa swali letu: una haki ya kumshuku mtu aliyekuambia ukweli? Una haki ya kuumia, na una haki ya kuuliza na kujibiwa. Lakini huna haki ya kuutumia ukweli aliokupa kuwa sababu ya kutomwamini milele. Siku ile alipokuamsha watoto wakiwa wamelala, mwenzi wako angeweza kunyamaza, na pengine usingejua kamwe. Alichagua kuwa mtu anayejulikana nawe. Hilo nalo ni ushahidi. Uliweke kwenye mizani pamoja na yale mengine.

Ya kuzungumza nyumbani

Ketini wawili, simu zikiwa zimezimwa na watoto wamelala, mjibizane haya bila haraka:

1. Kuna swali gani bado sijakuuliza kwa kuogopa jibu?
2. Ni jambo gani nikilifanya kila siku litakusaidia kuniamini tena?
3. Nikikuambia ukweli mgumu kesho, utanipokeaje?